Nyayo Zilizoishia kwa Wachuma Chai

Kwetu, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, watu hujua moja kati ya mambo mawili: kuna zawadi mbele, au kuna ng'ombe walioibwa. Mimi ndiye niliyeleta sababu ya tatu. Nasema hivyo bila kujisifu kupita kiasi, kwa maana hakuna mwingine aliyejitokeza kuidai.

Nilikuwa nimerudi kutoka Uskoti, miaka ya tisini, na diploma ya teknolojia ya maziwa. Wakati huo diploma ilikuwa kitu. Upande wetu wa Chebunyo walimu walikuwepo, na wachungaji wa kanisa walikuwepo, lakini mtu aliyesomea maziwa ng'ambo alikuwa mimi peke yangu. Majirani waliokuwa wakikamua tangu utotoni waliniuliza kama maziwa yana mambo mengi kiasi cha kumweka mtu darasani miaka yote hiyo. Niliwaambia yana mambo mengi. Nikapata kazi kiwandani, nikajenga nyumba ya matofali, nikanunua koti la pili. Katika hayo yote sikubebwa na mwanasiasa wala ndugu mwenye cheo. Nilijitengeneza mwenyewe, kwa kutumia majani chai ya mama.

Mama alikuwa mchuma chai. Alipofiwa na baba yangu angali kijana, alitoka Chebunyo kwa miguu, akapita Bomet, akapita Sotik na Kapkatet, mpaka akafika kwenye lango la shamba moja kubwa upande wa huku wa Kericho. Akapewa kikapu. Kila alipopata likizo alirudi nyumbani kwa miguu vilevile, akilala njiani kwa wenye huruma, kwa sababu nauli ilikuwa karo yangu. Alipoacha kazi alikuja kuishi nyumbani, na mpaka mwisho alitembea ameinama kidogo, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba kikapu kimeondolewa.

Alifariki nikiwa Uskoti. Kati ya boma letu na zahanati kuna mto. Si mto wa kutajwa kwenye ramani, ila mvua ikinyesha milimani hujaa bila kumwuliza mtu. Walimbeba kwa machela ya miti mpaka ukingoni, wakakaa naye hapo wakingoja maji yapungue. Maji yalipungua siku iliyofuata. Aliyenieleza ni mjomba, kaka yake mama. Alinieleza kwa maneno machache kama hayo niliyoandika, kisha akaenda kunywesha ng'ombe.

Nikaamua kwamba mto ule utapata daraja la miguu. Watu waliniambia niitishe harambee kama kila mtu. Niliwaambia mimi si kila mtu.

Huko Uskoti nilikuwa nimeona watu wakikimbia ili wengine watoe. Kazini kwetu walikimbia kwa ajili ya punda wazee, wapate mahali pa kustaafu. Waliposikia natoka nchi ya Kericho, kunakotoka wakimbiaji, waliniandikisha bila kuniuliza. Shuleni nilikuwa golikipa, lakini sikuona haja ya kuwavunja moyo. Tulikimbia milimani kutwa nzima, mbali kuliko marathoni, katika mvua ya pembeni ambayo kwao huitwa hali nzuri ya hewa. Nilimaliza. Niliwaacha nyuma wahasibu kadhaa na mwalimu wa dini. Medali yangu iko sebuleni hadi leo, na mgeni haondoki bila kuiona.

Basi Jumapili moja, ibada ilipokwisha, nikasimama mbele ya kanisa nikaeleza. Nitakimbia njia yote ya mama, kutoka Chebunyo hadi lango la shamba la chai, kwa siku moja. Kila mtu aahidi kitu cha daraja, nami nitakimbia.

Mjomba alikuwa kiti cha mbele. Alikuwa mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache.

"Utashindana na nani?" akauliza.

"Sishindani na mtu, mjomba."

"Kwa hiyo utakuwa wa kwanza."

"Nitakuwa peke yangu."

"Na wa mwisho pia," akasema mama mmoja kutoka nyuma, na kanisa likacheka.

Mjomba hakucheka. "Hao punda wa wazungu," akasema, "walipata?"

"Walipata, mjomba. Wana uwanja na daktari wao."

Mjomba akasimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya ovyo. "Mpwa wangu, kuongea umesomea. Sasa sikiliza. Ukitoka hapa kwa miguu yako ukafika lile lango alilokuwa akiingia dada yangu, nitatoa fahali wangu mkubwa. Auzwe, tununue simiti na nyaya. Usipofika, fahali ataendelea kula nyasi."

Waliokuwa na la kuahidi wakasimama mmoja mmoja: huyu mchanga, yule siku za kazi, mwingine misumari. Na kila mmoja alimalizia, "Kama alivyosema mzee." Ndivyo daraja la mama lilivyoning'inizwa kwenye miguu yangu.

Nilifanya mazoezi kitaalamu. Kila asubuhi nilikimbia, na kila asubuhi dereva fulani alisimama kuniuliza nimepatwa na nini.

Msaidizi wangu alikuwa binamu yangu, fundi wa baiskeli, mtu mzima mwenye watoto. Kazi yake ilikuwa kunifuata kwa baiskeli na maji, viazi vya kuchemsha na mursik kidogo, maziwa lala ya kwetu, kwenye kibuyu. Nilikuwa nimemweleza utaratibu wote wa ng'ambo, ikiwemo kwamba mbio hizo huanzishwa kwa mlio wa bunduki. Bunduki hatukuwa nayo. Binamu, kwa mapenzi tu, na bila kuniambia, akaja alfajiri ile na pembe ya babu. Nilipopiga hatua ya kwanza, akaipuliza.

Pembe ile kwetu haipulizwi kanisani wala harusini. Hupulizwa ng'ombe wakiibwa. Na hapo kuna sheria, ya zamani kuliko serikali. Kila mwanamume anayeisikia huacha alichoshika, huchukua upinde, hufuata nyayo. Nyayo zikifika mpaka wa kokwet ya jirani, yaani watu wa mtaa ule, wao huzipokea na kuzifuata mpaka waonyeshe zilikotokea upande wa pili. Wakishindwa kuonyesha, zikapotelea kwao, basi wao ndio wanaolipa. Ni sheria nzuri. Uskoti hawana.

Sikuwa hata nimefika josho la ng'ombe wanaume walipoanza kuteremka vilimani kutoka pande zote. Wa kwanza kunifikia alikuwa mzee mwenye gambuti, upinde begani, blanketi likipepea.

"Wangapi?" akauliza.

"Wangapi nini, mzee?"

"Ng'ombe!"

"Hakuna ng'ombe. Nakimbia kwa ajili ya mama yangu."

"Wamechukua mama?"

"Alifariki, mzee. Muda sasa."

Akakimbia kando yangu. Hakuwa akihema, jambo ambalo lilinikera kidogo.

"Na pembe?"

"Pembe ni kosa la binamu."

Wote wakageuka kumtazama binamu, naye akajificha nyuma ya usukani wa baiskeli, mahali ambapo mtu hawezi kujificha.

"Pembe ikilia imelia," mzee akaamua. "Hatuwezi kurudi tukawaambia wake zetu tumekimbilia upepo. Kimbia, kijana. Tutakufikisha mpakani."

Mpakani palikuwa na kijito, na ng'ambo yake wanaume wa kokwet ya pili walikuwa wamekwisha kusimama na mishale yao, kwa maana pembe husikika mbali.

"Tumewaletea nyayo," akasema mzee wa gambuti. "Zimetoka kwetu salama."

"Nyayo za nini?"

"Za huyu. Mama yake amepotea, anafuata njia aliyopita."

Nilifungua mdomo nirekebishe maelezo hayo, lakini mwenye diploma hujua lini kutumia pumzi na lini kuiweka. Wale watu walitazama viatu vyangu vya ng'ambo, wakatazama alama zake kwenye matope, zilizokuwa safi na za kisasa. Mmoja akasema, "Tumepokea."

Hivyo ndivyo nilivyovuka nchi yote ya Chepalungu, kutoka mkono hadi mkono. Mwendo wangu ulikuwa wa kitaalamu, wa kuhifadhi nguvu. Wenzangu hawakuuelewa. Kijana mmoja aligeuka akawa anakimbia kinyumenyume mbele yangu ili tuzungumze vizuri, akanieleza habari za shangazi yake mwanzo hadi mwisho. Wengine walitangulia, wakakaa chini wakapumzika, wakaningoja.

Tulipokaribia Bomet niliwaomba waliokuwa nami waache mishale. Miaka ile, baada ya mapigano ya makabila, watu waliotoka vilimani na mishale hawakuwa wageni wa kukaribishwa mjini, hasa na wale waliotoka Mkoa wa Kati wakaja kufungua maduka, na kila mtu alijua kwa nini. Waliiacha kwa mjane mmoja kando ya barabara. Hata hivyo mama mwenye duka la kwanza, alipotuona tunakuja mbio, alikuwa ameshaanza kufunga mlango. Nilitangulia mikono ikiwa juu.

"Mama, ni mimi! Wa kiwanda cha maziwa!"

Alinijua. Nilikuwa nikinunua kwake sabuni nzuri. Akafungua mlango nusu.

"Wui! Na hao?"

"Wananisindikiza. Nakimbia kwa ajili ya daraja."

"Unakimbia, halafu unalipwa?"

"Nakimbia, halafu wengine wanalipa."

Akafikiri, mfanyabiashara kama alivyokuwa. "Haki hiyo umesomea," akasema, akaniletea glukosi na soda ya moto.

Nyuma yangu kulikuwa na shida. Mji hauna kokwet, na wasindikizaji hawakujua wamkabidhi nani. Waliwauliza washona viatu, wakakataa. Mwishowe msemaji wao akasogea mlangoni kwa adabu, akavua kofia. "Mama, tumewaletea nyayo."

Yule mama akawatazama, mikono yao mitupu, jasho lao. Sijui ni nini kilichopita kichwani mwake. Miaka michache nyuma watu kama hao na watu kama yeye hawakuwa wakisalimiana.

"Nifanye nini nazo?" akauliza.

"Uzifikishe upande ule wa mji."

Akafunga duka, akajifunga leso vizuri, akanitembeza kwa mguu mpaka mwisho wa lami ya soko, akiwafukuza wenye mikokoteni. Huko vijana wa kilima kilichofuata walikuwa wakingoja. "Zimetoka kwetu salama," akawaambia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukabidhi mizigo. Akarudi kufungua duka.

Baada ya Sotik nchi hubadilika. Nyasi na mahindi hupungua, chai huanza, kijani kimoja kilichonyolewa sawasawa mpaka mlimani. Na alasiri mvua hunyesha, kila siku. Siku ile ilikuja na mawe. Nilikimbia katika mawe yale nikimfikiria mama katika mvua ya aina hiyohiyo, kikapu mgongoni, kwa maana mchuma chai haingii ndani kwa sababu ya mvua. Huvaa karatasi ya nailoni na kuendelea. Sikuwa nimewahi kuiwaza njia ile kwa magoti. Nilikuwa nimeiwaza kwa kichwa.

Karibu na Kapkatet, mbele ya kituo cha kupimia majani chai cha wakulima wadogo, nilikaa chini.

Watu wamesema nilianguka. Sikuanguka. Nilikaa. Anayeanguka hachagui mahali, nami nilichagua penye nyasi. Ila baada ya kukaa, miguu ilikataa kabisa kurudi kazini. Binamu akanipa viazi, nikavitazama. Lango bado lilikuwa mbali, vilima kadhaa. Nikamwona fahali wa mjomba akila nyasi, wazi kabisa, kama yuko pale.

Wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia yao ya majani. Wasindikizaji wangu wakamwendea mzee wa kokwet ile, mtu mfupi mwenye koti la mvua, wakamwambia, "Tumewaletea nyayo." Naye, akiwa anaangalia mizani isimpunje, akajibu bila kugeuka, "Tumepokea." Kisha akageuka akaniona.

"Huyu?"

"Huyu. Ameingia kwenu kwa miguu yake. Ninyi mtaonyesha atakakotokea." Wakaondoka upesi, kwa adabu.

Mzee akachuchumaa mbele yangu. "Kijana, unaweza kusimama?"

"Kwa sasa hapana, mzee."

"Kidogo tu. Mpaka wetu uko pale kwenye kijito. Ukivuka ukalale upande ule."

Nilijaribu. Wanawake wawili walinipaka siagi miguuni, wakaikanda kama unga. Nilijaribu tena. Foleni yote ikaacha mizani ikaja kutazama, na ndipo mtu mmoja alipotamka kile ambacho wote walikuwa wameshakielewa: nyayo zikiishia hapa, ni sisi.

Wakaleta wilbaro. Wakanipandisha, wakanisukuma mbio mbio kati ya chai mpaka kijitoni. Ng'ambo walisimama watu wa kokwet iliyofuata, wamekunja mikono.

"Tumewaletea nyayo," akasema mzee wa koti, akihema.

Wale wakainama wakatazama ardhi. "Hizi ni za wilbaro."

"Mtu si yumo ndani?"

"Hatupokei mtu. Tunapokea nyayo."

Wakanigeuza wakanirudisha, polepole zaidi, na mvua ikaanza upya. Nilikuwa mtu mwenye diploma ndani ya wilbaro, na daraja la mama lilikuwa limekwisha.

Wakaketi chini ya paa la kituo, mimi katikati bado ndani ya wilbaro. Mzee wa koti akaniuliza kama mtu anayeanza kesi.

"Kilichopotea ni nini?"

Nilikuwa nimechoka kurekebisha. "Mama," nikasema.

"Alipotelea wapi?"

"Mtoni. Alikuwa apelekwe zahanati. Mto ulijaa. Walikaa naye ukingoni mpaka..." Nikaacha hapo.

"Na yeye alikuwa anapita hapa?"

"Miaka yote. Akienda kuchuma na akirudi."

Wanawake wenye vikapu wakatazamana. Mmoja akasema jambo kwa sauti ndogo, na mwingine akatikisa kichwa kukubali. Mvua ililia juu ya mabati.

"Mama halipiki," akasema mzee. "Hata mkileta ng'ombe wa nchi nzima. Lakini alikuwa anataka kwenda ng'ambo ya mto, akanyimwa. Ng'ambo inalipika." Akawatazama wenzake. "Nani ana mikaratusi iliyokomaa?"

Mikono ikainuka. Kila mkulima wa chai ana kona ya mikaratusi, ya kuni na ya kujengea. Walitaja miti kwa urefu na unene, wakibishana nani ana iliyonyooka zaidi. Hakuna aliyeniuliza nimekimbia umbali gani. Nilikuwa tayari kuwaambia.

Mjomba alifika asubuhi iliyofuata kunichukua, kwa gari la kukodi. Alinikuta nyumbani kwa mzee wa koti nikinywa chai yenye maziwa mengi. Alinitazama miguu, akasema, "Hukufika."

"Sikufika, mjomba."

"Basi fahali anabaki."

"Abaki tu," akasema mzee wa koti kwa upole. "Kesi hii tumeshalipa. Nyayo ziliishia kwetu, miti inakatwa leo. Dada yako atavuka kwa miti yetu. Wewe usijisumbue, mzee mwenzangu."

Mjomba alikunywa chai yake yote. Watu asiowajua, wa kilima cha chai, wasio na udugu nasi hata wa mbali, ndio wangemvusha dada yake, na fahali wake angesimama malishoni ananenepa, kila mpita njia akimwona. Aliweka kikombe chini.

"Yule fahali," akasema, "ameanza kuzeeka. Nilikuwa namwuza hata hivyo."

Kwa hiyo nilipata miti na fahali, na baada ya fahali, wote walioahidi walifuata, kama walivyosema. Binafsi sijui mkimbiaji mwingine aliyechangisha zaidi kwa kukaa.

Daraja lilikamilika mwanzoni mwa mvua ndefu. Siku ya kulifungua, watu wa kokwet ya chai walikuja na lori lilelile lililokuwa limeleta mbao za mwisho. Binamu alikuwa amekatazwa kuja na pembe. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye kurasa kadhaa, na mchungaji alikuwa na yake, lakini mzee wa koti alitushika mikono sote wawili akatuweka kando. Akaniambia nivae viatu vile vya ng'ambo, nishuke ukingo wa huku, upande aliokalishwa mama, nivuke.

Nikavuka. Mto ulikuwa umejaa chini yangu, mwekundu, ukipeleka matawi. Ubao ulilia kidogo katikati. Ng'ambo nikaruka kutoka ubao wa mwisho nikatua kwenye matope laini, nikapanda hatua chache kuelekea zahanati, nikasimama.

Mzee alikuwa amenifuata. Akainama juu ya zile alama za viatu vyangu, akazitazama moja baada ya nyingine kama anazisoma. Kisha akamgeukia mjomba, aliyekuwa amevuka polepole akishika kamba kwa mikono yote miwili.

"Tumewaletea nyayo," akasema. "Ziliishia kwetu. Tumeonyesha zinakotokea."

Mjomba naye akainama, na ikamchukua muda, kwa sababu ya mgongo. Akagusa matope kwa ncha ya fimbo, pembeni mwa alama ya kwanza, bila kuiharibu.

"Tumepokea," akasema.